Mzinga wa Pili

Kengele ya shule ya Itengule, wanasema,
ni gurudumu la mzinga wa Mjerumani.
Nimekwenda na futi kamba. Nimepima.
Ni rimu ya Bedifodi, lori la kubebea chai.
Mwalimu mkuu amenuna kana kwamba nimemwibia babu.

Ndivyo kazi hii ilivyo:
unakwenda na swali, unarudi na maadui wawili
na sweta lililolowa umande.

Mwaka wa nne huu nawatafuta watu wa mzinga wa pili,
ule ulioburutwa kutoka Iringa kuelekea Lupembe
mwaka wa kumi na sita, miezi ya baridi,
ukungu umelala juu ya Mufindi
kama mgonjwa aliyekataa kugeuzwa.

Orodha ninayo, nakala ya nakala,
mwandiko wa karani asiyejua kuwa Kihongosi ina H.
Wapiga mzinga kumi na mmoja:
Feraji, Msudani. Mabruki wa Tabora. Almasi, hana kwao.
Kiongosi, "wa hapa hapa".
Nyumbu sita, kila mmoja na jina lake,
tarehe aliyokufa, na kilichomuua.
Kisha chini kabisa, wino umepauka, mstari mmoja:
wapagazi, mia mbili na arobaini.

Nyumbu Liza alikufa kwa mbung'o, tarehe tatu Agosti.
Wale mia mbili na arobaini hawakufa.
Walipungua tu.

Kiongosi ni babu wa baba yangu.
Nilimtaka awe amesimama.
Nilitaka picha: kofia, vifungo, mkono juu ya chuma.
Ukuta nilishauchagua,
msumari nilishaugongelea.

Bibi Sekalinga wa Ihowanza
ana umri ambao wanawe wanaugombania.
"Kamwene, bibi."
"Kamwene. Wewe ndiye mtu wa mzinga?"
Akageuza hindi kwenye makaa kwa vidole vitupu.
"Mama yangu hakuwahi kuusikia ukilia.
Ulipita hapa Jumanne, kimya, umefunikwa turubai.
Njaa ikafika Jumatano.
Ikakaa miaka miwili."
Akanimegea hindi. Nikala. Ningefanya nini?

Wiki iliyopita, ndani ya boksi lisilo na namba,
chini ya risiti za kodi ya kichwa zilizoliwa na mende,
nikaikuta hati ya kutwaa chakula:
Mbuzi kumi na wanne.
Magunia ya mahindi thelathini na moja.
Vijana wenye mabega, tisa.
Kijiji: Ihowanza.
Aliyetafsiri,
aliyepita mlango kwa mlango akiwaita watu kwa majina
kwa kuwa aliwajua, kwa kuwa walimkaribisha ndani:
Kiongosi.
Dole gumba, wino wa zambarau.

Nimelitazama dole lile mpaka taa ya solar ikafifia.
Nikapaka langu wino wa kalamu,
nikaligandamiza kwenye karatasi, pembeni.
Sijui nilitaka kuona nini.
Nilichoona ni madole mawili.

Kwa hiyo majina yalikuwepo.
Yalitamkwa asubuhi moja, kwa sauti, kwa Kihehe safi,
na kinywa cha ukoo wetu.
Karani alikuwa kando, kalamu mkononi,
akihesabu mabega.

Msumari nimeung'oa. Tundu limebaki; mke wangu ananiuliza la nini.
Kesho narudi Ihowanza.
Napeleka daftari, kilo mbili za sukari,
na jambo la kusema ambalo sijui nitalianza kwa lugha gani.
Sitauliza nani walichukuliwa.
Nitauliza nani walilia.
Ukimjua mwenye msiba, marehemu hayuko mbali.

Ukurasa wa kushoto nimeuacha, mistari tisa mitupu.
Wa kulia, kwa mkono wangu, nimesahihisha kitu kimoja tu:
mzee nimemrudishia H yake.
Kihongosi.
Asije akajificha
nyuma ya kosa la karani.